Reedsport: Mji wa wakata magogo unaomchonga bundi uliyemlaumu

BUNDI alikuwa amekwisha kupata macho ilipotimia dakika ya arobaini. Kabla ya hapo alikuwa gogo tu la mwerezi, lenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, lililosimamishwa wima mbele ya umati wa watu waliojifunika mablanketi kwa baridi.

Mchongaji alizima msumeno wake mkubwa, akauweka chini, akachukua mdogo zaidi, akavuta kamba ya kuuwasha na kuendelea. Unga wa mbao ulimtapakaa kuanzia kofia hadi viatu, na kila alipogeuka uliruka kama pumba kinuni. Kando yake wachongaji wengine walikuwa katika kazi hiyohiyo, kila mmoja na gogo lake na msumeno wake. Kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba watu walizungumza kwa ishara za mikono.

Ilikuwa Ijumaa ya katikati ya Juni 2019, mjini Reedsport, katika pwani ya jimbo la Oregon, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Mji huu mdogo ulianzisha mwaka 2000 mashindano ya kuchonga vinyago kwa msumeno wa mnyororo, ule ambao mafundi wengi wa kwetu huuita chenso. Nilikuwa nikisafiri kuelekea kusini, nikasimama kwa nia ya kutazama kwa saa moja. Niliondoka Jumapili jioni.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, msumeno wa mnyororo si chombo cha sanaa. Ni ile sauti inayosikika usiku kutoka msituni, na asubuhi yake panakutwa visiki na alama za magurudumu ya lori. Tanzania imeweka utaratibu wa kuisajili misumeno hiyo, na nchini Kenya serikali ilifikia hatua ya kusimamisha ukataji katika misitu ya umma kuanzia Februari 2018, amri iliyodumu hadi mwaka 2023. Hivyo mtu anayetoka kwetu humwangalia kwa mashaka kidogo msanii anayeshika chombo kile.

Bundi naye anahitaji maelezo. Kwetu ni ndege wa nuksi. Akilia juu ya paa usiku, mama mwenye nyumba hujiuliza kuna mgonjwa gani katika ukoo, na wapo wanaomfukuza kwa kijinga cha moto. Nilidhani chuki hiyo ni yetu sisi peke yetu. Reedsport nilijifunza kwamba watu wa huko nao wana kisa na bundi, na kisa chao kimo katika kumbukumbu za mahakama.

Mji wenyewe uko pale mto Umpqua unapokaribia kumwaga maji yake katika Bahari ya Pasifiki. Kutoka Portland, jiji kubwa la jimbo hilo, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Sehemu ya mwisho ya safari hufuata barabara namba 38, inayopinda pamoja na mto katikati ya milima ya miti mirefu. Kilomita chache kabla ya kufika, katika eneo linaloitwa Dean Creek, elki hulisha kando ya barabara. Hao ni wanyama wa jamii ya kulungu wenye umbo kubwa kama la ng'ombe, na madereva huegesha magari ili kuwatazama.

Kila kitu katika bonde hilo kiliwahi kutegemea mti. Magogo yalikatwa milimani, yakaelea mtoni na kuvutwa kwa maboti hadi kwenye viwanda vya mbao. Ng'ambo ya mto, mahali paitwapo Gardiner, palikuwa na kiwanda cha mbao na baadaye kiwanda kikubwa cha karatasi. Kijana aliyemaliza shule hakuhitaji kuulizwa atafanya kazi gani: aidha angepanda mlimani na wakataji, au angeingia kiwandani.

Kisha akaja bundi.

Bundi madoadoa wa kaskazini ni ndege wa rangi ya kahawia mwenye madoa meupe, anayependa kuishi katika misitu mikongwe. Hutaga mayai katika mashimo ya miti mikubwa au juu ya vilele vilivyovunjika, na miti ya namna hiyo huchukua miaka mia mbili au zaidi kufikia hali hiyo. Msitu ukikatwa na kupandwa upya, miche inayomea humfaa mkataji wa baadaye, lakini haimfai bundi huyo.

Juni 1990 serikali ya Marekani ilimworodhesha miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Mei 1991 Jaji William Dwyer wa mahakama ya shirikisho mjini Seattle alizuia uuzaji wa magogo katika sehemu kubwa ya misitu ya taifa yenye bundi hao. Aprili 1993 Rais Bill Clinton alikwenda mwenyewe Portland kusikiliza pande zinazogombana, na mwaka 1994 ukapitishwa mpango mpya wa misitu unaogusa karibu hekta milioni 10 za ardhi ya serikali katika majimbo ya Washington, Oregon na California.

Matokeo yake hayakukawia. Ikilinganishwa na kiwango cha miaka ya 1980, ukataji katika misitu hiyo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Madereva wa malori ya magogo walibandika nyuma ya magari yao vibandiko vya kumkejeli bundi. Katika miji ya wakata miti ndege huyo, ambaye watu wengi hawakuwahi kumwona kwa macho, akawa ndiye aliyechukua ajira.

Hapo inafaa kusema ukweli ambao vibandiko havikuusema. Ajira za misituni zilikuwa zikipungua kabla ya bundi kufika mahakamani. Mtikisiko wa uchumi wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulifunga viwanda vingi. Mashine mpya zilifanya kazi ya watu kadhaa kwa mtu mmoja, na magogo mengi yalikuwa yakipakiwa melini yakiwa mazima kupelekwa Japani, badala ya kupasuliwa na wafanyakazi wa Oregon. Bundi alikuta nyumba imekwisha kupasuka ukuta. Lakini mtu aliyepoteza kazi akiwa na umri wa miaka 50 hawezi kuuchukia mtikisiko wa uchumi, kwa kuwa hauna sura. Bundi anayo.

Kiwanda cha karatasi cha Gardiner nacho kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Reedsport, uliokuwa na wakazi karibu 5,000 katika sensa ya mwaka 1980, ulihesabiwa kuwa na watu 4,100 na ushei mwaka 2010. Ni katika hali hiyo ya maduka kufungwa na vijana kuhama ndipo mashindano ya uchongaji yalipoanza.

Utaratibu wake ni huu. Wachongaji hupewa magogo na siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, ili kutengeneza kazi kuu moja kila mmoja. Hufanyika mwishoni mwa juma la Siku ya Baba, ambayo kwa Wamarekani ni Jumapili ya tatu ya Juni. Mbali na kazi kuu, kuna mashindano ya haraka ya dakika 90, ambapo wote huanza pamoja na kuzima misumeno pamoja, na vinyago vinavyopatikana hupigwa mnada saa ileile. Yule bundi niliyemtaja mwanzo alikuwa wa dakika 90.

Kazi kuu na kazi ya haraka zinapima vipaji viwili tofauti. Ile ya siku nne hupima mpango. Siku ya kwanza mgeni haoni kitu. Anaona mtu anazunguka gogo, anapiga mistari kwa chaki au rangi, anakata pande kubwa la pembetatu na kulirusha kando, kisha anakaa kitako akanywa kahawa huku akilitazama gogo kama mtu anayemkagua mkwe. Siku ya pili mtu hutambua mgongo wa samaki au bawa la tai. Siku ya tatu wachongaji wengine hugundisha magogo mawili au matatu kwa pini za chuma ili kupata umbo lisiloweza kutoka katika mti mmoja.

Kazi ya haraka hupima mazoea ya mkono. Hakuna muda wa kufikiri. Ndiyo maana utaona dubu wengi, tai wengi na bundi wengi, kwa kuwa ni maumbo ambayo mchongaji ameyarudia mara mamia. Dubu aliyeketi hukaa vizuri ndani ya gogo, mikono imebanwa kifuani, hana shingo ndefu wala miguu myembamba ya kuvunjika. Bundi ni rahisi zaidi. Yeye tangu kuumbwa kwake amefanana na kisiki, na hilo ndilo linalomficha msituni.

Sasa kuhusu chombo chenyewe, ambacho historia yake ni ya ajabu kuliko wengi wanavyodhani. Msumeno wa mnyororo haukuanzia msituni. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitumia mnyororo mdogo wenye meno, unaovutwa kwa mikono, kukatia mifupa iliyooza na gegedu la nyonga ya mama aliyeshindwa kujifungua. Mama mjamzito anayesoma makala haya na anisamehe.

Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa umeme wa kukatia magogo, na mwaka 1929 ukafuata wa petroli. Mashine hizo zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 40 na zilihitaji watu wawili. Tatizo lililobaki lilikuwa mnyororo: meno yake yalikuwa kama ya msumeno wa kawaida, yakikwaruza badala ya kukata, na kila mara yalihitaji kunolewa.

Dawa yake ilipatikana Oregon. Mwaka 1946 mkata miti mmoja, Joseph Cox, aliona kwenye kisiki funza wa mdudu anayetoboa miti akila mbao kushoto na kulia bila kujali mwelekeo wa nyuzi zake. Cox alichunguza taya za funza yule, akaingia katika chumba cha chini ya nyumba yake mjini Portland na kutengeneza kwa chuma meno ya namna hiyo. Mnyororo wake ulianza kuuzwa mwaka 1947, na kwa kiasi kikubwa ndio mnyororo unaotumika hadi leo duniani kote, pamoja na ule unaonguruma katika misitu yetu.

Haikuchukua muda watu wakaanza kuuchezea. Inasimuliwa kwamba Ray Murphy, akiwa bado kijana, alitumia msumeno wa baba yake mwaka 1953 kuandika jina la kaka yake kwenye kipande cha mti, na huyo hutajwa mara kwa mara miongoni mwa wachongaji wa kwanza wa aina hii. Misumeno ilipozidi kuwa myepesi, wakata miti wengi walichonga viti na dubu wakati wa mapumziko.

Msumeno wa mchongaji hata hivyo si sawa na wa mkataji. Wa kuanzia kazi ni uleule wa kawaida, ambao ulimi wake, yaani lile bamba la chuma linalobeba mnyororo, una urefu wa nusu mita au zaidi. Baadaye huchukuliwa mdogo wenye ulimi wa sentimita 30 uliochongoka mbele. Ncha yake ni ya duara dogo kama sarafu, na kwa kweli wachongaji huzitaja kwa majina ya sarafu za kwao: ya senti kumi na ya senti ishirini na tano.

Udogo huo wa ncha una sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huingia mahali padogo, kama kona ya jicho au nafasi kati ya manyoya. Ya pili ni uhai wa mtu. Katika msumeno wa kawaida, sehemu ya juu ya ncha ikigusa mti, nguvu yote ya mnyororo hugeuka na kuurusha msumeno nyuma kuelekea usoni mwa anayeushika. Hufanyika kwa kufumba na kufumbua. Mkataji hufundishwa kutoitumia kabisa ncha. Mchongaji kazi yake nzima iko kwenye ncha. Duara likiwa dogo, teke hilo hupungua sana.

Mnyororo hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde na sauti yake hupita desibeli 100. Wachongaji wote niliowaona walivaa viziba masikio, miwani na kinga za miguu. Kinga hizo zimejazwa nyuzi ndefu: mnyororo ukipasua kitambaa, nyuzi huvutwa, hujisokota kwenye gurudumu la meno na kuusimamisha msumeno kabla haujafika kwenye nyama. Niliwafikiria vijana wa kwetu wanaopanda kwenye mwembe wakiwa na kandambili miguuni na chenso mkononi.

Baada ya misumeno huja zana nyingine. Mashine ndogo za kusaga hulainisha mdomo na kope. Mwali wa gesi huunguza uso wa kinyago, kisha brashi ya waya husugua masizi, na hapo mistari ya mti hujitokeza myeusi na myekundu kama manyoya ya kweli. Kwa dubu ni kazi ya dakika chache na hupendeza sana. Kwa maoni yangu baadhi yao huizidisha, hata dubu akaonekana kama aliyeokolewa kwenye moto.

Mti unaopendwa ni ule unaoitwa mwerezi mwekundu wa magharibi, ingawa kwa nasaba si ndugu wa mierezi ya Lebanoni inayosomwa katika Biblia. Ni mwepesi, laini, wenye harufu nzuri, na hauozi upesi hata ukikaa kwenye mvua. Wenyeji wa asili wa pwani ile, wakiwamo Waumpqua wa Chini ambao mto wao unapita hapo, walitumia mti huo kwa mitumbwi na nyumba karne nyingi kabla ya msumeno wowote kufika. Ubaya wake ni vumbi. Lina kemikali inayoweza kumletea fundi pumu, na ndiyo maana wengine hufunika pua.

Mti wowote unaochongwa ukiwa mbichi hupasuka unapokauka, kwa kuwa sehemu ya nje husinyaa kuliko moyo wake. Wachongaji hukata mfereji mrefu mgongoni mwa kinyago hadi karibu na kiini, ili mti ukitaka kupasuka upasukie hapo pasipoonekana. Usoni mwa bundi ukipita ufa, kazi imeharibika.

Mchongaji mmoja, aliyekuwa akinoa mnyororo wake wakati wa mapumziko, aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomweleza habari za Wamakonde na mpingo alitaka kujua uzito wake. Nikamwambia mita moja ya ujazo ya mpingo huzidi kilo 1,200, na ukiutupa majini huzama, wakati mwerezi wake haufiki kilo 400. Akauangalia mnyororo, akatikisa kichwa. Nilimweleza kwamba Mmakonde wa pale Mwenge, Dar es Salaam, huanza na tezo na kumalizia na patasi na msasa, na kinyago kimoja cha mtindo wa Ujamaa, wenye watu waliopandana, kinaweza kumchukua miezi.

Sikumweleza upande wa pili, kwa kuwa hakuuliza, lakini nilikaa nikiufikiria. Wachongaji nao humaliza misitu. Nchini Kenya, uchongaji wa Wakamba ulianzishwa Wamunyu na Mutisya Munge, ambaye alijifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ulikua hadi kukadiriwa, mwishoni mwa miaka ya 1990, kuwa na wachongaji wapatao 60,000. Mti wao ulikuwa muhugu, na uliadimika mno. Wakalazimika kugeukia mwarobaini na mwembe, miti inayopandwa mashambani na kukua upesi. Huko Kilwa nako, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, ili mpingo wao uuzwe kwa hesabu na kijiji kipate chake. Hakuna aliyemsingizia bundi. Mti ulipungua machoni pa waliokuwa wakiukata.

Je, mashindano yameirudishia Reedsport kilichopotea? Hapana, na mtu akisema ndiyo anamdanganya msomaji. Kiwanda hutoa mshahara wa kila mwezi, bima ya matibabu na pensheni. Mashindano hujaza vyumba vya wageni na mikahawa kwa siku nne, na wengi wa wachongaji wenyewe hutoka mbali: huishi kwa kuhama kutoka maonyesho hadi maonyesho, kwa vibanda vya kando ya barabara na kwa kuitwa nyumbani kwa mtu aliyekata mti uani na anataka kisiki chake kiwe dubu.

Hata hivyo kuna hesabu moja iliyonikaa. Gogo fupi kama lile la bundi, likipasuliwa mbao, lingeleta fedha ya kulisha familia mlo mmoja mkahawani. Likiwa kinyago lilinunuliwa mnadani kwa bei inayotosha kununua msumeno mpya na akiba ya mafuta. Mti ni uleule na msumeno ni uleule. Kilichoongezeka ni dakika 90 za mtu anayejua, na miaka ambayo zilimchukua kujua.

Mzee mmoja aliyeketi karibu nami siku zote tatu alinieleza kwamba alikata miti katika milima hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto havikuwapo. Kila msumeno ulipobadilisha mlio aliweza kusema, bila kugeuka, kama mnyororo umekuwa butu au mafuta yamechanganywa vibaya. Nilipomuuliza kama anamchukia bundi alicheka. Alisema aliyemfukuza kazi alikuwa na tai shingoni, hakuwa na manyoya, lakini wakati ule ilikuwa rahisi zaidi kumtukana mwenye manyoya.

Jambo ambalo wengi pale walilijua, na mimi nilikuwa silijui, ni kwamba bundi mwenyewe hakunufaika kama ilivyotarajiwa. Misitu mingi mikongwe ilisalimika, lakini idadi yake iliendelea kushuka. Safari hii adui hakuwa msumeno. Ni bundi mwenzake, bundi milia, mkubwa na mkali zaidi, aliyehamia huko kutoka mashariki mwa bara hilo na kumpokonya makazi na chakula. Agosti 2024 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia wanyamapori iliidhinisha mpango wa kuwapiga risasi bundi milia, hadi 450,000 katika muda wa miaka 30, ili kumwokoa yule wa madoadoa. Mpango huo umezua ubishi mkubwa, na safari hii wapenzi wa wanyama wako pande zote mbili.

Turudi mnadani. Ilipotimia dakika ya 90 filimbi ilipulizwa na misumeno ikanyamaza kwa mkupuo. Ukimya ulioanguka uwanjani ulikuwa mzito kiasi kwamba nilisikia bendera zikipigwa na upepo wa baharini. Mchongaji alipuliza unga kutoka machoni mwa bundi, akamgeuza kidogo upande wa watu, akarudi nyuma hatua mbili.

Mnadi alianza kupandisha bei kwa ile kasi yao ambayo hata Mwingereza haielewi. Dubu wawili waliuzwa kwanza, kisha samoni anayeruka, kisha kiti. Bundi alipoinuliwa mikono ilikuwa mingi: mama mmoja wa makamo, mwenye hoteli mmoja, kijana aliyekuwa akiuliza kwa simu. Wakaachia mmoja baada ya mwingine.

Aliyebaki na mkono juu alikuwa yule mzee wa vidole vitatu. Alilipa kwa noti alizozitoa kwenye bahasha, akakataa kusaidiwa, kisha akakubali. Watu wawili walimbeba bundi hadi kwenye gari lake la wazi nyuma. Akamlaza chali juu ya gunia, akamfunga kwa mkanda uleule wa kufungia magogo, akaujaribu kwa kuuvuta mara mbili, akawasha gari na kuelekea upande wa Gardiner.